Nani Amechuma Mapungate Haya?

Mkaza mjomba wangu Agrippina alifanya kazi ya kupokea zeituni kwenye kinu cha mafuta kwa miaka thelathini na moja, na kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha kutomwamini mtu. Mkulima akishusha gunia, yeye hakushughulika na zeituni za juu. Alikunja mkono wa gauni, akauzamisha mkono mpaka kwapani, akapapasa chini kabisa, na mara nyingi aliibuka na jiwe. Kisha alimtazama mwenye gunia machoni. Pale mjini kwetu kuna wanaume wazima waliokuwa wakivuka barabara ili wasikutane naye, hata msimu ukiwa umekwisha.

Nyumbani alikuwa vivyo hivyo. Mkate akiununua aliugonga kwa kidole asikie unavyolia. Padri akihubiri vizuri, alitaka kujua hayo maneno ameyatoa wapi. Mumewe, mjomba wangu Liborio, aliishi naye miaka arobaini na tisa, na alipenda kutuambia kwamba siku ya harusi Pina alimkagua meno kwanza, ndipo akamjibu padri ndiyo.

Kitu kimoja tu Agrippina hakukichunguza, nacho ni mapungate ya Liborio.

Kila Oktoba, mvua ya kwanza ikishapita, tulikusanyika uani kwao kupika jeli ya mapungate, ile tunayoiita mostarda. Mipungate yenyewe, mimea ile ya majani manene yenye miiba, haikuwa ya mtu. Ilijiotea kandokando ya njia ya zamani ya nyumbu, juu ya mji, na aliyetaka alikwenda kuchuma. Kwa upande wetu aliyekwenda alikuwa Liborio, peke yake, alfajiri, umande ungali juu ya matunda ili miiba isiruke. Miiba ya tunda lile ni myembamba kuliko unywele. Ikikuingia kiganjani utausikia uchungu wake wiki nzima na hutaiona. Liborio hakulivuta tunda. Alilikata kwa kisu pamoja na kipande chembamba cha jani lililolizaa, likabaki na kitako cha kijani. Kitako hicho tulikiita kiatu. Tunda lenye kiatu halivuji, unaweza kulikalisha siku nne lisichache. Wachumaji wengine hawakujisumbua na viatu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mimi ni Santina, na mama yangu, Gaetana, ni dada yake Liborio. Jumamosi ile tulifika mapema, tukamkuta Agrippina amesimama mbele ya ndoo tatu, mikono kiunoni.

"Wifi, njoo utazame," alimwambia mama.

"Nitazame nini? Si mapungate?"

"Yatazame chini."

Mama akachoma moja kwa uma, akaligeuza. "Halina kiatu."

"Hakuna hata moja lenye kiatu. Nimegeuza ndoo zote. Yamekatwa kwa mkasi. Tena angalia: mekundu ndoo yake, ya njano ndoo yake, meupe ndoo yake."

Mama alicheka. "Kaka yangu apange rangi? Huyu aliyekuja kwenye ubatizo wa Venera na soksi moja nyeusi, moja ya kahawia?"

"Ndicho ninachokuambia."

"Kwa hiyo nani kayachuma?"

"Mwanamke," alisema Agrippina. "Mwanamume hapangi mapungate."

Binti yao Venera, aliyekuwa amefika kutoka Catania jana yake, alitoa kichwa dirishani. "Mama, umeshaanza?"

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Liborio alitokea mlangoni wakati huohuo, amevaa shati safi. Chini ya taya ya kushoto alikuwa na baka la ndevu ambalo wembe haukulifikia. Akatafuta kiti kwa mkono, akaketi mgongo ukielekea jua, akachukua kisu.

"Baba Venera, umechuma wapi?" Agrippina alimuuliza.

"Palepale."

"Peke yako?"

"Na nani tena, Pina? Na askofu?"

Sisi tulicheka. Agrippina hakucheka. Alimwaga ndoo ya kwanza kwenye karai la maji, akaanza kuyasugua matunda kwa ufagio wa nyasi kuondoa miiba, na kila aliposugua alinyanyua jicho kumtazama mumewe. Liborio alimenya kama siku zote: alikata kichwa, akakata kitako, akapasua ganda kwa mstari mmoja na kulivua kama koti. Vidole vyake havikukosea. Siku ile tulipika sufuria mbili, jeli ikatoka nyekundu nzuri, na mkaza mjomba wangu hakuionja.

Wiki iliyofuata alikuja kwetu karibu kila siku. Alikaa jikoni na mama, na mimi nikiosha vyombo niliyasikia yote.

Jumatatu alikuja na habari za ndevu. "Ananyoa saa kumi na moja alfajiri, wifi. Kwenda kuchuma mapungate! Miaka arobaini amekwenda huko kama jambazi. Na ananyoa vibaya, anaacha mabaka. Mtu anayenyoa kwa haraka ana miadi."

Jumatano alikuja na mkate bado mkononi. "Nimekutana naye mbele ya duka la mkate. Uso kwa uso! Kanipita kama nguzo. Nusura nimguse, wala hakugeuka. Mwenye hatia ndivyo anavyokuwa, hawezi kukutazama."

"Pengine alikuwa na mawazo," alisema mama.

"Mawazo ya nani?"

Alhamisi ilikuwa bajaji. Liborio alikuwa na bajaji ya mizigo aliyoipenda sana, na tangu mwisho wa Agosti alisema imekufa. Kumbe Venera alikuwa amejaribu funguo, mara moja tu, bajaji ikawaka. "Nzima!" Agrippina alisema, akipiga meza. "Nzima kabisa. Sasa kwa nini anatembea kwa miguu kilomita tatu za mlima? Kwa sababu bajaji ina kelele. Aendaye nyumba ndogo haendi na kelele. Na kule klabu hachezi tena karata. Nimemuuliza mwenye klabu, kaniambia ameacha tangu kiangazi."

Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kuzima moto. Alikuna shingo, akatazama dari. "Mimi sisemi kitu," alisema. "Ila shamba la Melina, mjane wa fundi saa, si liko palepale kwenye tanuri la chokaa, chini ya mipungate?"

"Liko."

"Na Melina hatembei bila mkasi wa mizabibu kiunoni."

Niliendelea kuosha sahani moja ambayo ilikuwa imeshatakata. Nilimpenda mjomba Liborio na nilitaka mama anyamaze, lakini nakiri kwamba na mimi nilikuwa nimeanza kuamini. Ukishaambiwa uutazame kwa shaka uso wa mtu unayemjua, huwezi tena kuutazama kama zamani. Jioni ile nilikutana naye njiani, nikamwamkia, naye akachelewa kidogo kuniitikia, kichwa kimeinama upande. Nikajiambia: kweli, huyu anaficha kitu.

Ijumaa Agrippina alinishika mkono kwenye ngazi za kanisa. "Kesho alfajiri utakuja nami. Nataka shahidi."

"Kwa nini usimchukue mama?"

"Mama yako atapiga kelele kabla hatujafika."

Kulikuwa kunapambazuka tulipomwona Liborio akitoka. Alikuwa na fimbo, akidai ni ya nyoka, ingawa kwa baridi ile nyoka wote walikuwa wamelala. Tulimfuata kwa mbali. Alipanda taratibu mno, mkono wa kushoto ukipitapita juu ya ukuta wa mawe ulio kando ya njia.

"Tazama anavyonyata," Agrippina alininong'oneza. "Tazama, kama paka anayeendea maziwa."

Kwenye tanuri la chokaa alikuwepo mtu. Melina. Mwanamke mpana wa miaka sitini na ushee, kavaa suruali ya marehemu mumewe, mkasi kiunoni, ndoo mbili chini. Alisema kitu ambacho hatukukisikia, akanyoosha mkono. Liborio akaushika. Hakuushika kama mtu anayesalimiana akauachia. Aliushika akaenda nao, na wale wawili wakashika njia ya mipungate mkono kwa mkono, asubuhi kweupe.

Nilidhani mkaza mjomba wangu atapiga ukunga. Hakupiga. Alikusanya gauni lake, akakata njia katikati ya mizeituni, akapanda kingo mbili za mawe kama msichana, nami nyuma yake nikichubuka magoti. Akatokea mbele yao kwenye kona, akasimama katikati ya njia, miguu ameitanua, mikono kiunoni. Jua lilikuwa limeanza kutoka na lilimpiga moja kwa moja kwenye kilemba chake cha njano. Mtu angemwona kutoka ng'ambo ya bonde.

Melina alimwona. Akasimama, akauachia mkono wa Liborio.

Liborio hakusimama. Alikuja hatua ya pili, ya tatu, usoni hana wasiwasi wowote, akimwendea mkewe moja kwa moja. Ncha ya fimbo yake ikagusa pindo la gauni. Akaipapasisha huku na huku.

"Melina," alisema, "mti gani huu umeota katikati ya njia?"

Nilimtazama Agrippina. Mikono yake ilikuwa bado kiunoni, lakini mdomo ulikuwa umefunguka.

"Si mti," alisema Melina. "Ni mkeo."

Mjomba alinyanyua mkono polepole, akakigusa kilemba, kisha shavu. "Pina?"

"Nitazame," alisema Agrippina.

"Nakutazama."

"Hunitazami! Unautazama mzeituni."

"Nikikutazama wewe, unapotea. Katikati pana ukungu, Pina, kama mtu amepaka kidole kwenye kioo. Nikiutazama mzeituni, nakupata kidogo pembeni. Umevaa kitu cha njano."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Ulianza kidogo."

Ndevu, duka la mkate, bajaji, karata, yote nadhani yalimpitia Agrippina kichwani kwa pamoja, maana hata mimi yalinipitia. Kisha akauliza, bila kumtazama Melina: "Na huyu anajua tangu lini?"

"Tangu Septemba," Melina alijibu mwenyewe. "Nilimkuta ukingoni mwa shimo la chokaa, viganja vimejaa miiba, anapapasa jani moja moja. Hatua moja zaidi angekuwa chini. Aliniapisha kwa jina la marehemu nisimwambie mtu."

"Nawe ukaapa."

"Niliapa. Ulitaka nimwache aje peke yake?"

"Nilitaka uje mlangoni kwangu!" Sasa sauti ilimtoka. "Mwezi mzima mwanamke mwingine anajua mume wangu haoni, na mimi ninalala naye kitanda kimoja sijui!"

"Pina, sikiliza," alisema Liborio. "Ungeniweka kwenye kiti jikoni. Kisu ungekifungia kabatini. Nilitaka mwaka huu tu. Nilitaka nichume mwaka huu."

"Hukuchuma," Agrippina alimwambia. "Kachuma yeye."

Hapo mjomba aliinamisha kichwa, nami nikatamani ningekuwa nimebaki kitandani.

Agrippina alimshika kwenye mkono wa koti, akamgeuza, wakaanza kuteremka. Melina alibaki palepale na ndoo zake. Hakuna aliyeniambia nifanye nini, kwa hiyo nilimwamkia, nikawafuata wenzangu. Nyumbani mkaza mjomba alimkalisha Liborio dirishani, akamnyoa vizuri, akaja kwenye sinki nilipokuwa naosha magoti yangu.

"Angekuwa hawara," aliniambia kwa sauti ya chini, "ningejua la kumfanya. Hili nilifanyeje?"

Daktari wa macho huko Catania alisema ukungu ule hauna dawa ya kuuondoa, ila hautamtia giza lote. Agrippina hakumwamini. Akampeleka mjomba kwa mwingine, Siracusa, na yule alipotamka maneno yaleyale, akamchukia zaidi ya wa kwanza, akasema wamepigiana simu.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba tulipika tena. Mama na mimi tulifika uani tukamkuta Melina ameketi kwenye kigoda, anachuja rojo la mapungate kwa chujio la shaba, mbegu zikibaki juu. Mama alinivuta kando, akamwendea wifi yake.

"Umemwalika huyo? Wewe?"

"Mimi."

"Wifi, una homa?"

"Nataka nimwone anavyofanya kazi," alisema Agrippina. "Mtu umjue kwa karibu."

Na kweli alimwangalia. Melina alikoroga unga wa ngano kwenye juisi baridi, Agrippina akachungulia kama kuna madonge. Melina alitia mdalasini, Agrippina akanusa. Ilipofika zamu ya sufuria kubwa wakasimama pamoja kwenye moto, mmoja ameshika mwiko, mwingine ameshika sufuria, jasho linawatiririka. Liborio alikuwa kwenye kiti chake akimenya, uso ameugeuza ukutani kama alivyozoea sasa ili atuone. Venera alikuwa anavunja lozi. Mimi nililowesha kalibu za udongo, zile zenye umbo la samaki na la shada la zabibu, ili jeli isishike.

"Huko juu," Agrippina alianza, akitazama moto, "mlikuwa mkizungumza nini?"

"Hatukuzungumza sana," alisema Melina.

"Saa mbili nzima kila asubuhi, na hamkuzungumza?"

"Mimi nilikata, yeye alishika ndoo. Zaidi alikuwa anaimba."

Mwiko ukasimama.

"Usiache kukoroga, itashika chini," alisema Melina.

"Nani alikuwa anaimba?"

"Mumeo. Nyimbo za zamani za wavunaji. Sauti yake si mbaya."

"Liborio haimbi."

"Basi sijui aliyekuwa akiimba ni nani."

Wote tulimgeukia mjomba. Masikio yake yalikuwa yamekuwa mekundu kama yaliyomo sufuriani, naye akamenya tunda lile kwa bidii mpaka likabaki mbegu tupu. Miaka yote ile, hata kwenye harusi, hatukuwahi kumsikia akiimba. Jeli ilipoanza kuachana na ukingo wa sufuria tuliimimina kwenye kalibu, tukazipanga juu ya paa kwenye chano cha matete, tukafunika kwa wavu sababu ya nyigu. Melina alipoondoka alipewa kalibu mbili. Nilimwona mkaza mjomba akizichagua: hakumpa mbaya, wala hakumpa zile nzuri kabisa.

Liborio aliishi miaka saba zaidi. Kila Oktoba Agrippina alipanda naye mlima, amemshika mkono wa koti. Yeye alikata, mjomba alishika ndoo, akipapasa kila tunda kwa vidole na kumwambia kama kiatu kimekaa sawa. Mwaka wa kwanza Agrippina alirudi amevimba viganja vyote viwili, tukakaa na kibano na mshumaa kumtoa miiba. Aliizoea kazi. Lakini kila asubuhi, aliniambia, alikuwa anangoja wimbo, na wimbo hauji.

Hatimaye alimwambia. "Imba basi."

"Niimbe nini?"

"Ulichokuwa ukimwimbia Melina."

"Sikumwimbia Melina," mjomba alisema. "Nilikuwa naogopa, Pina. Nilikuwa sioni shimo liko wapi, na yule mama simjui vizuri. Nikiogopa naimba. Nikiwa nawe siogopi."

Alinisimulia hayo jikoni kwake, anakausha mikono, na mimi machozi yalinilengalenga. Nikamwambia kwamba hilo ni jibu zuri sana.

"Zuri mno," alisema Agrippina. "Jibu zuri namna hiyo mtu halitoi papo hapo. Amelitayarisha."

Mjomba alifariki Februari, kwa kifua, kitandani kwake. Siku ya mazishi kanisa lilijaa, wakulima wote wa kinu walikuja, hata wale wa mawe. Melina aliketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa suruali yake ileile, amejifunika shela nyeusi. Padri alikuwa ameshafungua kitabu Agrippina alipogeuka, akazitafuta nyuso benchi kwa benchi mpaka akampata. Akamwashiria kwa mkono. Melina akatikisa kichwa kukataa. Akamwashiria tena, mpaka watu wakaanza kugeuka, na yule mama akalazimika kuinuka na kutembea kanisa zima mpaka kwenye benchi letu la mbele.

Mama alinifinya paja. Agrippina alisogea, akampa nafasi ubavuni mwake.

"Kaa hapa," alimwambia, "nikuone."